Goti Limetulia, Mkojo Umegoma

Sindano ya mgongoni imewaokoa wengi na maumivu ya upasuaji wa goti. Ila kuna kitu huchanganywa humo ndani ambacho kibofu hakikipendi, na familia nyingi hulijua hilo saa nne za usiku.

Wanandoa wa siku hizi tunazungumza karibu kila kitu. Tunazungumza mikopo, tunazungumza ada za watoto, tunazungumza nani kamtumia nani meseji saa sita usiku na kwa nini. Ya chumbani nayo tunayazungumza, tena kwa kujiachia, maana kurasa kama hizi zimetuzoesha. Lakini hebu jaribu kumuuliza mumeo kama baba yake amekojoa leo. Utaona sura itakavyobadilika.

Naam, mada yetu mwezi huu ni mkojo. Usifunue ukurasa kwanza.

Unaweza kusema, mimi nina miaka 30, goti langu zima, yananihusu nini haya? Yanakuhusu. Kwanza wazazi wetu wamefika umri wa magoti kusagika, na anayepigiwa simu ni wewe, mwenye mshahara na bima. Pili, bodaboda zimevunja magoti ya vijana wengi kuliko uzee, na mpira wa Jumapili nao una sehemu yake. Tatu, kama umejifungua kwa upasuaji, au mkeo amejifungua hivyo, basi uwezekano ni mkubwa kwamba sindano ninayoizungumzia mmeshakutana nayo. Hamkuambiwa tu ndani yake kulikuwa na nini.

Nyasho, saa nne za usiku

Baba mkwe wangu anaishi Nyasho, pale Musoma, si mbali sana na soko. Ni mzee wa miaka zaidi ya 70, mstaafu, mcheshi, na mbishi kuliko maelezo. Goti lake la kulia lilimtesa kwa miaka. Alianza kwa kuchechemea, akaja kwenye fimbo, mwisho akawa hatoki nyumbani isipokuwa kwa bodaboda. Watu wa Mara wakifika hapo wengine hupelekwa Bugando, Mwanza, safari ya zaidi ya kilometa 200, na wengine huenda mpaka Dar es Salaam kwenye Taasisi ya Mifupa ya MOI, iliyoanzishwa kwa sheria ya mwaka 1996. Sisi tulipata nafasi katika hospitali moja ya Kanda ya Ziwa ambayo sitaitaja, kwa kuwa haya yangeweza kutokea hospitali yoyote.

Upasuaji ulikwisha saa sita mchana. Mzee alitoka macho makavu, anaongea, anatania. Hakuwa amelazwa usingizi mzito, ule tunaouita nusu kaputi. Alichomwa sindano ya mgongoni, miguu ikafa ganzi, akasikia nyundo na msumeno vikifanya kazi upande wa pili wa pazia kana kwamba ni fundi seremala wa jirani. Jioni alikuwa bado hana maumivu. Tukamshukuru Mungu, tukasema kweli dawa zimeendelea.

Mimi nilikuwa nje kwenye benchi. Mkwe ni mkwe, na mwanamke aliyeolewa kwenye familia ile haendi kusimama mbele ya kitanda cha baba mkwe aliyevaa gauni la hospitali lililo wazi mgongoni. Ndani alikuwepo mama mkwe na shemeji yangu, kijana wa miaka 19, ndiye aliyepangwa kulala naye. Mume wangu alikuwa bado njiani anakuja.

Saa moja usiku nesi alipita akaniuliza pale pale mlangoni, "Babu ameshapata haja ndogo?" Nikamwita shemeji, nikamwambia akamuulize baba kama amekojoa. Shemeji akaingia, akasimama karibu na kitanda, akajikuna kichwa, kisha akauliza, "Baba, uko sawa?" Mzee akajibu, "Niko sawa, mwanangu." Shemeji akatoka akaniambia, "Amesema yuko sawa." Swali liliingia wodini likiwa mkojo, likatoka likiwa salamu. Nesi alikuwa ameshakwenda kwa mgonjwa mwingine.

Saa tatu usiku mzee alianza kuhangaika. Anageuka, anatoka jasho, anamfokea mama mkwe kwa jambo dogo. Alipoulizwa akasema goti. Ikaombwa sindano ya maumivu, akapewa. Haikusaidia kitu. Ilipofika saa nne, nesi mtu mzima wa zamu ya usiku akaja, akafunua shuka kidogo, akaweka kiganja chini ya kitovu. Tumbo lilikuwa gumu, limeinuka kama mtungi uliofunikwa kitambaa. "Hili si goti," akasema. "Babu, tangu asubuhi umekojoa?" Ndipo mzee akasema kwa sauti ndogo kwamba amejaribu mara mbili kwenye kopo, yametoka matone tu, na kwamba hakutaka kuwasumbua watoto.

Akaletwa nesi wa kiume, pazia likavutwa, ukaingizwa mpira. Zikatoka mililita 1,200. Lita moja na zaidi, msomaji. Mtu mzima wa kawaida anabanwa sawasawa kibofu kikiwa na mililita 400 au 500 hivi. Mama mkwe anasema mzee alilala palepale, kabla hata mfuko haujaning'inizwa.

Kwenye bomba la sindano kuna nini?

Kesho yake nilimfuata daktari wa usingizi. Aliniambia jambo moja ambalo nilitamani tuambiwe kabla: "Tulimwekea mofini kidogo kwenye ganzi, ndiyo maana hakusikia maumivu. Na ndiyo maana mkojo uligoma."

Tuelewane hapo. Ganzi yenyewe kwa kawaida ni dawa inayoitwa bupivakaini, mililita mbili au tatu tu. Daktari anapitisha sindano nyembamba katikati ya pingili za kiuno, chini ya pale uti wa mgongo unapoishia, mpaka kwenye yale maji yanayozunguka mishipa ya fahamu. Ndani ya dakika chache miguu inapata joto, inakuwa mizito, kisha inasahaulika. Ni njia nzuri kwa wazee, kwa sababu mgonjwa anapumua mwenyewe na hahitaji mpira kooni. Tena ni nafuu.

Historia yake ina vituko. Agosti 1898, mjini Kiel, Ujerumani, daktari August Bier alimfanyia mgonjwa upasuaji wa kifundo cha mguu kwa kumchoma kokaini mgongoni. Siku chache baadaye yeye na msaidizi wake, Hildebrandt, wakaamua kujaribiana wao wenyewe. Jaribio la Bier liliharibika, bomba halikukaa vizuri kwenye sindano na maji ya mgongo yakavuja. Hildebrandt akafa ganzi kweli, akapigwa na nyundo kwenye muundi, akaunguzwa kwa sigara, hasikii kitu. Wakamaliza siku kwa mvinyo. Siku zilizofuata vichwa viliwauma vibaya, na ndiyo maana hata leo ukichomwa unaulizwa kama kichwa kinauma.

Tatizo la bupivakaini ni kwamba baada ya masaa mawili mpaka manne hivi inaanza kuisha. Goti lililokatwa mfupa haliishi kuuma ndani ya masaa manne. Kwa hiyo madaktari huongeza kitu. Wengine huweka fentanili, inayofanya kazi haraka na kuisha ndani ya masaa machache. Wengine klonidini, au adrenalini kidogo ili ganzi ikae zaidi. Na wengine mofini. Mwaka 1979 madaktari wa Mayo Clinic kule Marekani walitoa taarifa ya wagonjwa wanane wa saratani waliochomwa mofini mgongoni wakapata nafuu ya muda mrefu, na tangu hapo dunia haikurudi nyuma.

Kiasi chenyewe ni kidogo mno. Siku hizi ni kama mikrogramu 100 mpaka 200. Ile ya kuchomwa kwenye msuli inaweza kuwa miligramu 10, yaani kama mara mia ya mikrogramu 100. Lakini ikishaingia kwenye maji ya mgongo, kadone hako kanaweza kukaa na wewe karibu siku nzima. Na lazima iwe mofini isiyo na dawa ya kuhifadhi ndani yake. Si kila chupa inafaa, na si kila hospitali inayo, ndiyo maana mgonjwa wa Dar anaweza kupewa hiki na wa Musoma kile kwa goti la aina ileile.

Kwa nini kibofu?

Kukojoa tunakuona jambo jepesi kwa sababu hatukufikirii. Kwa kweli ni mazungumzo. Kibofu kinajaa, kinatuma taarifa juu, ubongo unajibu subiri au nenda, msuli wa kibofu unakaza na mlango wa chini unalegea kwa wakati mmoja. Taarifa hizo hupita kwenye mishipa ya chini kabisa ya uti wa mgongo, ile inayotokea kwenye mfupa wa nyuma ya nyonga.

Ganzi inakata mazungumzo hayo kabisa. Halafu inapoisha huanzia juu kushuka chini, hivyo mishipa ya kibofu ni ya mwisho kuamka. Mgonjwa anaweza kuwa anachezesha vidole vya miguu, ndugu wanashangilia, na kibofu bado kimelala fofofo. Mofini nayo inaongeza la kwake. Inaulegeza msuli wa kibofu na kuifisha ile hamu ya kwenda. Hali hiyo huanza mapema, na inaweza kuendelea masaa 14 mpaka 16. Kwa hiyo mzee anapokwambia hasikii haja, si kwamba anakudanganya. Hasikii kweli.

Wakati huohuo dripu inashuka. Figo hazina habari na ganzi, zinaendelea kutengeneza mkojo. Chupa tatu za nusu lita ni lita moja na nusu, na lazima itafute pa kukaa.

Kibofu kilichovutika kupita kiasi kwa masaa mengi kinaweza kuumia, kikachukua siku au wiki kurudi kwenye nguvu zake, na mara nyingine kisirudi chote. Mzee anaweza kuchanganyikiwa, presha ikapanda, akataka kushuka kitandani kwa goti lililoshonwa jana. Na yale matone aliyoyaona baba mkwe si dalili njema hata kidogo. Ni kama tangi lililojaa likaanza kumwagika kwa juu.

Wanaume wako hatarini zaidi, hasa waliopita miaka 50 wenye tezi dume iliyokua, maana njia ya mkojo ilishabanwa hata kabla ya sindano. Mwenye kisukari cha muda mrefu naye aangaliwe, kwa kuwa sukari hudhoofisha mishipa ya kibofu. Wanawake hawajasalimika, ila kwao ni mara chache zaidi. Na wale wa upasuaji wa uzazi, mbona hatuwasikii wakilalamika? Kwa sababu mara nyingi wao huwekewa mpira kabla ya kupasuliwa. Kibofu kinagoma vilevile, hakuna anayejua.

Halafu kuna hili la kuwashwa. Mofini ya mgongoni huwasha, hasa puani na usoni. Mgonjwa anajikuna, ndugu anachomoa Piriton kwenye pochi kwa mapenzi mema. Dawa za jamii hiyo, pamoja na baadhi ya dawa za mafua, zinaweza kuuongezea mkojo ugumu wa kutoka. Acha Piriton kwenye pochi. Mwite nesi.

Basi mofini ni adui?

Mimi sikubali. Nimeona watu wawili waliofanyiwa goti, mmoja akiwa na mofini mgongoni na mwingine hana, na usiku wao wa kwanza haukufanana hata kidogo. Goti jipya linataka kukunjwa na kusimamiwa mapema, pengine siku ileile au kesho yake, na mtu aliyelia usiku kucha hakubali kuguswa. Mpira wa mkojo kwa siku moja ni bei ndogo. Tatizo langu ni kutoambiwa. Fomu ya ridhaa tulisaini, kurasa nzima, na neno mkojo halikutajwa na mtu.

Zipo njia nyingine, na zinazidi kutumika. Mwaka 2008 madaktari Kerr na Kohan wa Sydney, Australia, walichapisha njia yao ya kumwagia dawa ya ganzi kuzunguka goti lenyewe wakati wa upasuaji. Pia kuna kuziba mshipa wa fahamu pajani kwa msaada wa ultrasaundi. Kwa njia hizo mgongoni panabaki ganzi tupu au na fentanili kidogo, na kibofu kinapata ahueni. Dawa ya kuigeuza mofini ipo pia, naloksoni, lakini ukiwa na bahati mbaya inaondoka na nafuu ya maumivu yote.

Kwa hiyo mkikutana na daktari wa usingizi kabla ya upasuaji, msiulize tu kama mzee ataamka. Ulizeni mgongoni ataongezewa nini, na inakaa muda gani. Ikiwa ni mofini, ulizeni nani atamwangalia kupumua kwake usiku ule, kwa kuwa kwa nadra inaweza kupunguza pumzi masaa mengi baadaye, na hilo ni kubwa kuliko mkojo. Semeni ukweli kuhusu tezi dume. Mzee anayeamka mara nne usiku kukojoa, au anayesimama chooni dakika tano akisubiri, daktari anatakiwa kumjua kabla, na mara nyingi anayejua siri hiyo ni mama peke yake.

Kuhusu nani alale wodini, hapo ndipo nyie wawili mnapoingia. Nyumba nyingi humpanga yule asiye na kazi, bila kufikiria kama mgonjwa anaweza kumwambia mambo ya chini ya kiuno. Kijana wa miaka 19 hawezi kumuuliza baba yake. Mkwe hawezi. Kwetu sisi mume wangu alipofika alfajiri alikaa kwenye kiti, akamwambia, "Mzee, kila masaa mawili nitakuuliza, tena nitataja neno lenyewe." Mzee akacheka, akasema sawa. Kama hakuna mtoto wa rika hilo, rafiki yake wa kijiweni anafaa kuliko binti wa chuo.

Sehemu nyingine ya tiba ni ndogo hata inachekesha. Wanaume wengi hawawezi kukojoa wamelala chali huku watu wanne wanawatazama. Daktari akiruhusu, mzee akalishwe pembeni ya kitanda au asimamishwe akishikwa, pazia livutwe, ndugu watoke, bomba la maji lifunguliwe kidogo lilie. Wengine hufanikiwa hapo hapo. Kinachotoka kipimwe kwenye kopo, kiandikwe. Wodi yenye ultrasaundi inaweza kupima kilichobaki ndani bila kumgusa na mpira.

Na mpira wenyewe usiugope wala usiupende. Ukikaa siku nyingi unaleta vijidudu, na mtu mwenye goti bandia hatakiwi kuwa na vijidudu popote. Kwa hiyo kila asubuhi ulizeni, "Huu unatoka lini?" Kwa baba mkwe ulitoka asubuhi ya pili. Ilibainika tezi dume yake ilikuwa imekua kimyakimya, akaanzishiwa dawa. Siku hizi anatembea mwenyewe mpaka sokoni Nyasho kununua sato, na bei anabishania vilevile.

Mpira ukishatolewa, hesabuni upya. Masaa sita yakipita bila mkojo, au yakitoka matone tu na tumbo la chini limekaza, msingoje asubuhi na msiombe sindano nyingine ya maumivu. Mwambieni nesi, na mlitaje neno lenyewe.